Mikahawa ya Msafiri: Habari za Kahawa kutoka Yemeni hata Songea

Wasikilizaji wetu, mtu wa Songea akisafiri kwenda pwani hujifunza upesi kwamba kila mji una mahali pawili pa kuujua. Pa kwanza ni sokoni; hapo ataona watu wa mji wana nini. Pa pili ni penye kahawa. Hapo atasikia watu hao wanasema nini. Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya mahali hapo pa pili, yaani mkahawa: ulianzaje, uliogopwa na nani, ulifikaje kwetu, na kwa nini msafiri yampasa kuutafuta kila afikapo mji mgeni. Tena tutaeleza jambo moja ambalo watu wengi hawalifikiri, nalo ni kwamba watu wa kusini mwa nchi yetu waliingia katika habari ya kahawa zamani sana, kabla mbuni hata mmoja haujapandwa katika milima ya Umatengo.

NENO LENYEWE

Kwanza tulitazame neno. Kiswahili kina maneno matatu katika jambo hili. Mti huitwa mbuni, punje zake huitwa buni, na kinywaji huitwa kahawa. Buni na kahawa ni maneno yaliyotoka katika Kiarabu. Kisha watu wa pwani walitwaa neno kahawa wakalifanyia neno jingine, mkahawa, maana yake nyumba inywewamo kahawa. Siku hizi neno hilo limepanuka, hata nyumba iuzayo wali na chai huitwa mkahawa, na wengi walitamkao hawakumbuki tena kwamba kahawa imo ndani yake. Sisi leo tutalitumia kwa maana yake ya zamani: mahali watu wakaapo pamoja, wanaojuana na wasiojuana, wakinywa kahawa na kuzungumza.

KUTOKA VYUO VYA DINI HATA BARABARANI

Asili ya mbuni ni misitu ya Uhabeshi, nchi ambayo leo huitwa Ethiopia. Iko hadithi ya mchungaji aliyeona mbuzi wake wakirukaruka baada ya kula matunda mekundu ya mti fulani, naye akayajaribu, akachangamka. Hadithi hiyo yapendeza, walakini iliandikwa kwa mara ya kwanza Roma mwaka 1671, zaidi ya miaka mia mbili baada ya watu wa Yemeni kuanza kunywa kahawa. Basi tuichukue kama hadithi ya kuwachekesha watoto, tusiichukue kama historia.

Habari iliyo thabiti yaanzia Yemeni, katikati ya karne ya 15. Masufii wa huko walikunywa kahawa ili wasisinzie katika ibada zao za usiku. Wanafunzi na mahujaji waliipeleka Maka na Kairo. Huko Kairo, karibu na msikiti wa Al-Azhar, wanafunzi wa Yemeni walikusanyika usiku, na mkubwa wao akachota kahawa katika chombo kikubwa cha udongo mwekundu, akawapa mmoja mmoja, kuanzia upande wa kulia, huku wakimtaja Mungu. Tazameni jambo hili: tangu mwanzo kahawa haikuwa kinywaji cha mtu kujifungia peke yake. Ilikuwa kinywaji cha kupokezana.

Haukupita muda mrefu, watu wasiokuwa katika ibada waliitaka pia. Ndipo zikatokea nyumba za kahawa. Nasi tukumbuke hali ya miji ya siku zile. Mtu mwenye heshima akitoka nyumbani kwake usiku, alikuwa na mahali pachache mno pa kwenda. Msikiti ni wa ibada, na nyumba ya pombe ni aibu. Kumwalika rafiki nyumbani ni gharama ya chakula, tena lazima nyumba iwe na nafasi ya kumweka mgeni. Mkahawa ulikuja ukaondoa taabu hiyo. Mtu mwenye sarafu ndogo moja aliweza kuketi saa nzima, na jirani yake katika ubao huweza kuwa tajiri, fundi, mwanachuoni au baharia.

WAKUBWA WALIOUOGOPA MKAHAWA

Jambo hilo liliwatia hofu watawala. Mwaka 1511 mkubwa wa Maka aitwaye Kha'ir Beg aliwaona watu usiku wakinywa kahawa karibu na msikiti. Akawakusanya wanazuoni, akawaleta na waganga kushuhudia kwamba kahawa yadhuru mwili, kisha akaipiga marufuku na kuichoma moto. Lakini marufuku hiyo haikudumu. Sultani wa Kairo, aliyekuwa bwana wake, hakukubali kahawa yenyewe ikatazwe, kwa maana huko Kairo kwenyewe watu walikuwa wakiinywa. Alikataza mikusanyiko mibaya tu.

Kutoka hapo kahawa ilikwenda kaskazini. Karibu mwaka 1555 watu wawili, Hakam wa mji wa Halab na Shams wa Dameski, walifungua mikahawa Stambuli, mji mkuu wa Waturuki. Watu walicheza sataranji humo, wakasoma vitabu, wakasomeana mashairi, na maofisa waliokuwa wakitafuta kazi walikaa humo kutwa wakisikiliza habari. Mwaka 1633 Sultani Murad wa Nne aliifunga mikahawa kwa ukali, hata watu wakauawa kwa kuvunja amri. Baada ya miaka mikahawa ilifunguliwa tena.

Uingereza nako mambo yalikwenda vivyo hivyo. Mwaka 1652 mtu aliyeitwa Pasqua Rosée, mtumishi aliyeletwa na bwana wake mfanyabiashara kutoka nchi za Mashariki, alifungua mahali pa kahawa katika kichochoro cha mtakatifu Mikaeli, mjini London. Mgeni alilipa peni moja, akapata kahawa, moto wa kuota, na mazungumzo ya watu wote. Mikahawa ikazidi kuwa mingi, na kila mmoja ukawa na watu wake: huu wa mapadre, huu wa waganga, huu wa waandishi, huu wa manahodha. Tarehe 29 Desemba 1675 Mfalme Charles wa Pili alitangaza kwamba mikahawa yote ifungwe kuanzia tarehe 10 Januari 1676, kwa kuwa watu walikaa humo wakaisema serikali vibaya. Kelele zikawa nyingi kutoka kila upande, hata siku ile ya kufunga haijafika mfalme aliirudisha amri yake nyuma.

Maka, Stambuli na London ni miji mitatu yenye lugha na desturi mbalimbali. Walakini katika yote mitatu watawala walifanya jambo moja, na kwa sababu ile ile. Hawakuogopa buni zilizokaangwa. Waliogopa watu kukaa pamoja pasipo kuitwa na mkubwa, wakalinganisha habari walizozisikia, wakapima wenyewe lipi kweli na lipi uongo.

Na mazungumzo hayo hayakuwa ya siasa tu. Karibu mwaka 1688 Edward Lloyd alikuwa na mkahawa wake London, karibu na mto. Manahodha na wenye meli walikuja humo, naye Lloyd akawakusanyia habari za meli: ipi imefika, ipi imechelewa, ipi imezama. Kutoka katika meza zile ilizaliwa kazi kubwa ya bima ya meli ambayo hata leo yachukua jina la Lloyd's. Katika mkahawa mwingine, wa Jonathan, watu walikutana kuuziana hisa za makampuni, na hapo ndipo asili ya soko la hisa la London. Mambo makubwa ya fedha za dunia yalianza kwa watu kuketi na vikombe mkononi.

KILWA NA KISIWA CHA BOURBON

Sasa hatuna budi kutazama upande mwingine wa kikombe, upande wenye uchungu kuliko kahawa yenyewe. Ulaya ilipozoea kahawa, buni za Yemeni hazikutosha. Wafaransa walitwaa miche ya Yemeni mwaka 1715 wakaipeleka katika kisiwa chao cha Bourbon, kilichoko mashariki ya Madagaska, ambacho leo huitwa Réunion. Mibuni ilistawi vizuri. Mashamba yalitaka watu wa kufanya kazi, nao Wafaransa hawakuajiri watu, walinunua watumwa.

Walinunua wapi? Wengine Madagaska, na wengine katika pwani yetu. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa ili auziwe watumwa 1,000 kila mwaka. Watu hao walipelekwa Bourbon na katika kisiwa jirani, ambacho leo huitwa Morisi. Nao hawakuzaliwa wote Kilwa. Walitoka bara, katika nchi za nyuma ya Kilwa, kwa njia zile zile ambazo katika karne ya 19 zilitoka ziwa Nyasa, zikavuka nchi za Ruvuma, zikashuka pwani kupitia porini. Wazee wa Songea waliyajua majina ya njia hizo, kwa kuwa misafara ya pembe na ya watumwa ilipita humo hata katika siku za Wangoni.

Basi fikirini. Mtu wa Paris aliyeketi mkahawani mnamo mwaka 1780, akizungumza juu ya uhuru wa watu, huenda kikombe chake kilijazwa kwa buni iliyochumwa na mtu aliyezaliwa kati ya Nyasa na Kilwa, aliyefungwa mnyororo akavushwa bahari. Utumwa ulikomeshwa katika kisiwa hicho mwaka 1848. Hatusemi haya ili msafiri akatae kikombe apewapo. Twasema ili ajue kwamba watu wa kusini walikuwamo katika habari hii, na malipo yao yalikuwa mijeledi.

Tena mambo ya dunia huzunguka. Mibuni ya Bourbon ilirudi katika nchi yetu kwa mikono ya wamisionari. Mapadre wa Roho Mtakatifu walitoka kisiwani humo wakafika Unguja mwaka 1863, na Bagamoyo mwaka 1868. Waliipanda kahawa Bagamoyo, kisha wakaipeleka Kilema, katika mlima Kilimanjaro, ambako ilistawi kuliko pwani. Na mkulima wa Mbinga aliyepanda aina iitwayo N39 ajue kwamba asili ya aina hiyo ni kahawa ya Bourbon.

MIKAHAWA YA PWANI YETU

Sasa na tusafiri. Tutoke Songea kwa barabara ya Tunduru na Masasi, tushuke Lindi, kisha tuelekee kaskazini kupita Kilwa hata Dar es Salaam. Zamani safari hii ilikuwa ya majuma mengi kwa miguu. Leo basi hulala njiani usiku mmoja au halilali kabisa. Lakini msafiri ashukaye jioni katika mji wa pwani bado ataona lile ambalo babu yake angeliona.

Mkahawa wa pwani mara nyingi hauna mlango wala paa. Ni baraza ya mawe mbele ya nyumba, au mabenchi mawili chini ya mti, au kona ya njia. Muuza kahawa huchukua dele, yaani chombo kirefu cha shaba chenye mdomo uliopinda, na chini yake pana makaa ya moto ili kahawa isipoe. Mkononi ana vikombe vidogo visivyo na vishikio, navyo huvigonganisha, na mlio ule ndio utangazaji wake; hana haja ya kupiga kelele. Kahawa yake ni chungu, haina sukari wala maziwa, na aghalabu imetiwa tangawizi au iliki. Atakaye utamu hununua kashata ya karanga au ya nazi, au hutafuna tende. Mgeni wa bara akionja mara ya kwanza hukunja uso. Akionja mara ya tatu huanza kufahamu kwamba uchungu ule ndio sababu ya watu kunywa polepole, na kunywa polepole ndiko kunakoleta mazungumzo.

Dar es Salaam, msafiri na aende mitaa ya Kariakoo baada ya jua kutua. Jina la mtaa huo latokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps, katika vita vya mwaka 1914 hata 1918, vita vilivyoua wapagazi wengi mno. Huko utawakuta watu wa makabila yote ya nchi hii katika benchi moja, na mtu wa Songea hatakosa kumkuta wa kwao.

Akivuka bahari kwenda Unguja, aingie Mji Mkongwe aulizie njia panda iitwayo Jaws Corner. Jina hilo limetoka katika filamu ya papa ya mwaka 1975, nayo ni mahali penye baraza nyingi, ambapo wanaume hukaa na kahawa, wengine wakicheza bao au dhumna, wengine wakibishana juu ya mpira na serikali. Mgeni atasikia Kiswahili kilivyo kitamu katika ubishi, maana Waunguja hubishana kwa mafumbo, na mtu huweza kutukanwa asijue mpaka afike nyumbani.

Mombasa, na aende Mji wa Kale, karibu na Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Lamu, na akae katika uwanja ulioko mbele ya ngome iliyomalizwa mwaka 1821, au pwani penyewe, ambapo majahazi hufunga. Na kama Mungu atamjalia kufika Maskati, nchi ya Omani, ambako wako watu wengi wajuao Kiswahili, atapewa kahawa nyepesi yenye harufu ya iliki, katika finjani isiyojazwa. Huko mwenyeji huendelea kukumiminia mpaka utikise finjani yako kidogo kwa vidole; hiyo ndiyo ishara ya kusema, yatosha. Asiyejua ishara hiyo atakunywa hata akose usingizi.

Kuna adabu za mkahawa ambazo zafaa msafiri kuzishika. Awasalimu wote waliokaa, asichague. Asikilize kabla ya kusema. Asiwe na haraka ya kuhukumu mambo ya mji ambao hajalala ndani yake siku mbili. Akiulizwa habari za atokako, aseme kweli, asizidishe. Na akiweza amlipie jirani yake kikombe kimoja, kwa maana gharama ni ndogo na faida yake ni kubwa. Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mkahawa mgeni huleta habari, na mwenyeji hupona ujinga.

Hata hivyo tusiusifu mkahawa kupita kiasi. Baraza hizi zimekuwa za wanaume kwa muda mrefu. Vivyo hivyo London ya zamani: wako wanawake waliokuwa na mikahawa yao na kuuza humo, walakini wateja walikuwa wanaume. Mahali panaposemwa kuwa pa watu wote, na nusu ya watu hawaketi, bado pana upungufu.

BUNI YA KUTAFUNA

Kabla hatujarudi Songea, tupite kwanza magharibi ya ziwa Viktoria, ili tusidhani kwamba buni ilikuja kwetu kwa wageni tu. Wahaya wa Bukoba walikuwa na buni yao tangu zamani, kabla ya Mzungu kufika. Hawakuikaanga na kuisaga. Waliichemsha ikiwa mbichi pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakaikausha, wakaitafuna. Mgeni akiingia nyumbani hupewa buni kabla ya neno lolote. Na watu wawili wakitaka kufanya undugu wa damu, walitwaa tunda moja la buni. Ndani ya tunda hilo mna punje mbili zilizolala ubavu kwa ubavu; kila mmoja hupaka punje moja damu yake, akampa mwenziwe aitafune. Tangu siku hiyo wao ni ndugu.

Basi Yemeni kahawa ilipokezanwa katika ibada, na Bukoba buni ilipokezanwa katika undugu. Watu hawa wawili hawakuiga wala kufundishana, na wote waliona kwamba kitu hiki ni cha kupeana.

SONGEA NA UMATENGO

Sasa turudi nyumbani. Mji wetu unachukua jina la Songea Mbano, nduna wa Wangoni, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 kwa ajili ya vita vya Maji Maji. Baada ya vita hivyo nchi ilikuwa na njaa na umaskini, na kodi ilidaiwa vile vile. Vijana wa Songea walikwenda kwa miguu hata mashamba ya mkonge ya pwani na ya Tanga, wakitafuta fedha ya kodi. Wengine walirudi baada ya miaka, wengine hawakurudi.

Katika miaka ya 1920 kahawa ilianza kupandwa katika milima ya Umatengo, upande wa Mbinga, ambao zamani ulikuwa sehemu ya wilaya ya Songea. Wamatengo walikuwa wakulima hodari tangu zamani. Walipokimbilia milimani katika karne ya 19 kwa sababu ya vita, walilima kwa ngoro, yaani mashimo ya mraba yaliyopangwa katika mteremko, yenye nyasi zilizofunikwa kwa udongo, ili mvua isichukue ardhi. Watu waliojua kulima mlima bila kuuharibu walishika kilimo cha mibuni upesi. Mwaka 1936 kiliundwa chama kikuu cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, kilichojulikana kwa jina la NGOMAT. Tumbaku ya Songea ndiyo iliyotangulia ndani yake, na kahawa ya Umatengo nayo ikawa mali yake. Mkulima mwenye mibuni yake hakulazimika tena kwenda Tanga. Alikaa nyumbani, akalipa kodi, akasomesha mtoto. Hii ndiyo tofauti kati ya buni ya Bourbon na buni ya Umatengo: ile ilimtoa mtu kwao, na hii ilimrudisha.

Walakini shida haikwisha. Bei ya kahawa haitajwi Mbinga. Yatazamwa katika masoko ya New York na London, na soko la hisa la London, kama tulivyosema, lilianza mkahawani. Mwaka 1989 mapatano ya mataifa yaliyokuwa yakigawanya kiasi cha kahawa iuzwayo yalivunjika, bei ikaanguka duniani kote, na mkulima wa Umatengo, ambaye hakuwapo katika mazungumzo yale, alipata hasara pamoja na wengine. Hapo pana fundisho. Mtu asiyekuwapo barazani husemewa na wengine.

Tena wako wakulima wengi wanaopanda buni, wanaichuma, wanaimenya, wanaianika, wanaiuza, na nyumbani wanakunywa chai. Sehemu kubwa ya kahawa ya nchi hii huuzwa nje. Si ajabu, kwa kuwa fedha yatakiwa. Lakini mtu asiyejua ladha ya mazao yake hawezi kubisha vizuri akiambiwa kwamba ni mabaya. Mfumaji hujua nguo yake kwa kuivaa.

SENGU NA MKAHAWA

Wamatengo walikuwa na desturi yao waliyoiita sengu. Watu wa ukoo mmoja walikusanyika mahali pamoja wakala pamoja, kila nyumba ikileta chakula chake. Baada ya kula wazee waliamua magomvi, wakapanga kazi, wakawafundisha vijana. Mjane na yatima walikula humo bila kuomba. Kadiri watu walivyotawanyika kutafuta mashamba mapya, na kila nyumba ikafunga chungu chake, sengu ilipungua katika vijiji vingi.

Sisi twaona kwamba sengu na mkahawa ni ndugu, ingawa havikuzaliwa nyumba moja. Sengu iliwakutanisha watu wa damu moja, na mkahawa huwakutanisha watu wasiojuana. Sengu ilimlisha asiye na chakula, na mkahawa humpa habari asiye na habari. Kijiji cha leo, chenye watu waliotoka pande nyingi, chahitaji vyote viwili. Na mahali pa kuvikutanisha si pagumu kupata: kivuli cha mwembe, mabenchi mawili, birika, na buni ya hapa hapa.

Kazi yenyewe si ngumu. Buni iliyokobolewa na kukauka hukaangwa katika chungu kwa moto mdogo, ikikorogwa bila kuachwa, mpaka igeuke rangi ya udongo mweusi na kuanza kualika. Ikipoa hutwangwa katika kinu, ikachemshwa, ikaachwa ituame. Aongeze tangawizi apendaye. Waketi wake kwa waume. Wazee wasimulie habari za ngoro na za njia ya Kilwa, na wanafunzi waandike, kwa maana mengi katika hayo hayajaandikwa mahali popote. Wakulima walinganishe bei waliyopewa mwaka huu na mwaka jana, na wasomaji wa gazeti wawasomee wengine. Hivyo ndivyo mikahawa ya Kairo, ya Stambuli na ya London ilivyoanza.

Na wewe msafiri utokaye Songea, ukiketi jioni katika baraza ya Kariakoo au ya Mji Mkongwe, na muuza kahawa akikupa kikombe chako, muulize: buni hii imetoka wapi? Huenda asijue. Basi mweleze wewe habari za Umatengo. Walioketi watanyamaza wasikilize, na jina la kwenu litakuwa limeingia barazani.